Upande wa Pili wa Kiambaza

Swaib wa Bugembe, pale Jinja, alikuwa fundi wa mageti, na tumpe haki yake, mkono wake ulikuwa na baraka. Geti likikusimamisha njiani kwa uzuri pale Mpumudde, ujue ni lake. Ila jeuri nayo! Mchoro wake haukuguswa na mtu. "Mafahali wawili hawakai zizi moja," alikuwa akisema, na maneno yanaishia hapo.

Basi msikiti mmoja wa Malukhu, kule Mbale, ukamwita atengeneze kiambaza cha chuma kati ya wanaume na wanawake, mahali pa pazia zito la miaka yote. Bamba la chuma walilochangiwa lilikuwa moja tu. Likiharibika, akina mama wanarudi nyuma ya pazia lao. Mzee Magid, mwenyekiti, akatoa sharti: asikate hata ncha kabla hajachora pamoja na Nandutu, mama msuka mikeka wa hapo.

Msuka mikeka! Swaib alinuna njia nzima kutoka Jinja.

Alipofika alibandika ukutani mchoro wake, mkubwa kama kiambaza chenyewe, akangoja sifa. Nandutu akautazama, kisha akaketi sakafuni.

"Fundi, hebu kaa."

"Nikae nifanye nini?"

"Kaa tu, kaka yangu. Sisi wanawake tunakaa hivi."

Akakaa, shingo upande. Lo! Maua yake yote aliyojivunia yalikuwa huko juu. Mbele ya macho yake palikuwa na chuma kitupu, bila tundu. Alikuwa amemchorea mtu aliyesimama, kwa sababu alikuwa akichora amesimama.

"Ni ukuta," akasema.

"Mzuri," Nandutu akamwambia, "lakini ukuta."

Siku tano walibishana, wee! Nandutu alitaka matundu chini, yamesongamana kama msuko wa mkeka. Swaib akapiga kelele kwamba chuma si ukindu, pale patakatika. "Basi yalaze mshazari," mama akasema. Swaib akayalaza mchoroni, akaona chuma kitashika, na pakatokea umbo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa nalo kichwani. Swaib aliogopa kidogo. Hajapata kuona mkono wake ukichora kitu asichokijua.

Bamba likakatwa salama. Asubuhi ya kukisimamisha kiambaza, jua likatoka juu ya mlima wa Wanale, likapenya matundu na kumwagika kwenye mikeka, nuru imesukwa uzi kwa uzi. Subhanallah! Swaib akaketi sakafuni bila kuambiwa. Alikuwa upande wa wanawake, ambako hajawahi kukanyaga maishani.

Bibi mmoja aliyesali hapo tangu usichana akaingia kwa mlango wa nyuma, akajishusha polepole mahali pake. Akatazama mbele kupitia matundu.

"Kumbe mimbari yetu ni ya kijani?" akauliza.

Nandutu alimwachia Swaib ajibu.

"Ya kijani, bibi," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya wote.