Msafiri wa Nauli Pungufu Huulizia Bernadina

Treni ya abiria kutoka Tanga inasimama stesheni ya Korogwe, na watu hawajamaliza kushuka Bernadina Valerian amekwishamtambua mtu wake. Si bwana mwenye suti, wala si yule anayeita hamali. Ni kijana mwenye sanduku la bati kichwani, anayetazama huku na huku, kisha anapapasa mfuko wa shati.

Kijana anamwamkia shikamoo. Anasema anakwenda Handeni na hajawahi kufika.

"Basi la leo limekwishaondoka," Bernadina anamwambia. "Usikae hapa ukala maandazi ya dirishani, yatakumaliza hela. Vuka barabara, kuna mama anauza wali na maharage, mwambie nimekutuma. Kesho asubuhi usiende stendi, nenda yanakopakiwa malori ya mahindi. Ila kabla hujapanda, mwulize dereva atakushusha wapi hasa. Akikujibu 'palepale Handeni', mwulize tena."

Bernadina ni mama wa miaka arobaini na tatu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Ameajiriwa kufagia, kufua mashuka na kutandika vitanda katika nyumba ya wageni ya Mzee Mbaruku, jirani na stesheni. Kitanda ni shilingi tano. Msafiri asiye nazo anaelekezwa Masuguru, kwenye nyumba zinazopokea watu kwa mkeka, au anaulizwa kama hana ndugu mjini, hata wa mbali. "Wengi wanao," anasema. "Wanaona aibu tu kubisha hodi mikono mitupu."

Kazi hiyo ya kuelekeza watu hakupewa na mtu. Anadhani aliirithi kwa baba yake, Valerian, aliyeletwa kutoka Songea kama manamba kukata mkonge. Siku aliposhuka Korogwe, Kiswahili chake kilikuwa cha kubabaisha na kiu ilikuwa imemshika. Mtu mmoja alimshika mkono akampeleka penye maji. Bernadina, aliyezaliwa kambini katika shamba la mkonge, anasema baba yake alimtaja mtu huyo hadi anakufa, na jina lake hakulijua.

Lakini ukitaka kujua kwa nini madereva wa njia ya Handeni wanamheshimu mfagiaji huyu, watakusimulia habari za Bibi Zuena.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, familia nyingi za Handeni zilipokuwa zikihamishiwa katika vijiji vipya. Ndiyo miezi ile ya ukame, watu wakila unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Alasiri moja alishuka bibi mmoja wa Kizigua, anatembea kwa fimbo. Alikuwa ametibiwa mguu Tanga kwa miezi mingi, na sasa alikuwa anarudi kwake, Kwamzindo.

Njia ya Kwamzindo Bernadina aliijua: unapanda lori, unashuka darajani, unatembea. Alikuwa tayari kumwambia hivyo. Ndipo akakumbuka kwamba dereva mmoja, Stefano, alisema majuzi kuwa amepita pale asubuhi na hakuona moshi hata wa nyumba moja.

Akamfuata Stefano. Akaambiwa ni kweli, watu wamehama. Wengine wanasema wamepelekwa kijiji kipya cha Juhudi, wengine wanasema mbali zaidi. Stefano hakuwa na hakika.

Bibi Zuena hakukubali. "Kijiji si mbuzi, mwanangu, kwamba kitafungwa kamba kivutwe," alimjibu. Mume wake amezikwa Kwamzindo, akasema, na kesho ataamkia huko.

Bernadina alimwomba Mzee Mbaruku ruhusa ya siku mbili. Mzee alikataa. Nyumba ilikuwa imejaa wajumbe wa mkutano wa ushirika, naye alimwambia wazi kwamba hamlipi kwa kusindikiza watu. Asubuhi Bernadina aliweka funguo mezani, akaondoka.

"Nilijua nikirudi kazi sina," anasema. "Lakini ningemwachaje ashuke peke yake pale darajani, na mguu ule?"

Stefano aliwapandisha juu ya magunia bila kudai nauli. Walipofika Kwamzindo walikuta kuta zimesimama bila mapaa, milango imeng'olewa. Katika nyumba ya bibi, mboga ya maboga ilikuwa imetambaa hadi ndani. Bibi Zuena alizunguka nyuma, akapiga magoti kwa shida penye kaburi la mumewe, akaanza kung'oa majani kwa mkono huku akizungumza naye Kizigua. Bernadina alisimama kando, mpaka bibi aliponyanyuka.

"Haya, mwanangu," alisema. "Twende tukawatafute walio hai."

Wafugaji wa Kimasai waliokutana nao njiani waliwaonyesha upande wa Juhudi. Walitembea na kupumzika, wakatembea na kupumzika, na jua lilikuwa likishuka walipoziona nyumba mpya zilizopangwa mistari miwili. Mbele ya mojawapo, Mwaija, binti wa pekee wa Bibi Zuena, alikuwa anatwanga.

Alipoinua macho na kumwona mama yake, aliangusha mchi. Hakuja kumkumbatia. Alikimbilia ndani, akajifungia.

Majirani ndio waliomweleza Bernadina. Miezi mitatu nyuma, msafiri mmoja alileta habari kwamba Zuena amefariki Tanga. Huenda alikuwa Zuena mwingine, hakuna aliyejua. Katika heka heka za kuhama hakuna aliyeweza kwenda kuhakikisha. Walilia, wakasoma khitma, wakahama.

Bibi aliusogelea mlango, akaegemea fimbo yake.

"Mwaija, toka nje," alisema taratibu. "Sijafa. Nina njaa."

Mlango ulichukua muda kufunguka. Mwaija alipotoka alimgusa mama yake kwanza mkono, halafu uso, ndipo akaanza kulia. Bernadina naye analengwalengwa na machozi anapoyasimulia haya.

Bibi Zuena yu hai, huko huko Juhudi. Anasifu zahanati kwa kuwa iko karibu, na analalamika kwamba ardhi ya pale si ya baba zake. Kila mwaka Mwaija humpeleka kaburini.

Bernadina aliporudi mjini alikuta mama mwingine ameshika ufagio. Karibu mwaka mzima aliuza chai penye malori, na wasafiri waliendelea kumfuata pale.

Mzee Mbaruku hafichi kilichomfanya amrudishe. "Madereva walikuwa wanawashusha abiria penye chai yake," anasema, "naye anawaelekeza wakalale Masuguru. Hapa kwangu vitanda vitupu." Kuomba radhi hakukuwapo kwa upande wowote. Walisalimiana, akampa funguo.

Tangu safari ile Bernadina amebadili namna ya kuelekeza. Zamani alimwuliza mgeni anakwenda wapi. Siku hizi huanza kwa kumwuliza huko aliondoka lini. Kama ni zamani, hamwambii njia mpaka awaulize kwanza madereva. "Barabara inabaki palepale," anasema. "Watu ndio wanaondoka."

Sasa ana jambo moja analomsumbulia Mzee Mbaruku. Wanawake wanaosafiri peke yao wakikosa nafasi hukesha stesheni wamekalia mizigo yao. Upande wa uani kuna stoo ya magunia, naye anaomba ipakwe chokaa, iwekwe vitanda vinne. Mzee amekubali kutoa mbao, bado hajakubali bei ya kitanda anayoitaka Bernadina.

"Ataikubali," Bernadina anasema, akijitwika shuka alizofua. "Fundi nimeshaongea naye. Nimemwambia komeo aliweke ndani, si nje."