Kemshafti ya Mkutano Mkuu

Longino Mutayoba aliletwa kijijini kama spea. Kijiji kilikuwa kimegawiwa pikapu ya Kijapani lakini hakikugawiwa wa kuitengeneza, ndipo wakamwandikia Mhaya huyu aliyekuwa akikaza nati kwenye gereji moja ya Nyamagana, mjini Mwanza. Walimpa banda la bati kando ya barabara ya kivuko cha Kamanga na sharti moja: pikapu ikienda, yeye ni mtu wa spana. Ikishindwa, ni mtu wa jembe, shamba la pamoja, pamba, alfajiri. Kwa mtu aliyekulia chini ya migomba na kuijua pamba ndani ya mto wa kulalia tu, hiyo haikuwa kazi, ilikuwa kifungo.

Pikapu ilikwenda. Ila Mwenyekiti, Ndugu Chenge, aliona kwenda hakutoshi. Kila mkutano wa mjini ulipoitwa, mwenyekiti wa kijiji jirani alimpita njiani na Landrova yake, akachukua nafasi ya mwisho kwenye pantoni, na Chenge akabaki Kamanga akihesabu mawimbi. Migao nayo haingoji waliobaki ng'ambo.

"Fundi," alisema, "trekta linagawiwa Alhamisi. Nikianikwa tena Kamanga kama dagaa, Ijumaa unaamkia pamba."

Longino akatoa hazina yake. Kwenye mashine iliyokufa ya kinu cha pamba alikuwa ameokota bloa, dude la chuma linalosukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Akalifunga. Ikabaki kemshafti, ile fimbo yenye nundu zinazofungua na kufunga valvu. Alikuwa nazo mbili: ya nundu fupi, iliyozaliwa na pikapu, na ya nundu ndefu, iliyotoka kwenye gari la mashindano lililopinduka porini. Kosa lake ni kumwambia Mwenyekiti.

"Zipo mbili, Ndugu Mwenyekiti, nitachagua moja."

"Utachagua wewe? Peke yako?" Chenge alishtuka kama aliyetajiwa bepari. "Ita mkutano mkuu!"

Kengele ya reli ikagongwa, watu wakaja, kemshafti zikalazwa mezani kama maiti zinazotafuta ndugu. Mzee Ndalahwa, ambaye kijiji kizima hakinunui ng'ombe bila yeye kumpapasa, alipitisha kiganja juu ya nundu, moja moja.

"Ng'ombe ni nundu," alitamka. "Huyu mrefu ni dume. Huyu mwingine ndama mwenye minyoo."

Makofi yakapigwa. Longino akainua mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema, lakini usituchoshe."

"Nundu ndefu inaacha mlango wa kuingilia hewa na wa kutokea wazi kwa pamoja, tena kwa muda. Injini inayovuta hewa yenyewe, ikikimbia, inafaidika. Hii inasukumiwa. Hewa itaingia mbele na kutokea nyuma kabla haijafanya kazi. Ni kama sukari ya duka la kijiji."

Watu wakaangua kicheko, kisha wakakumbuka Venant wa duka ameketi meza kuu, wakageuza kicheko kuwa kikohozi. Venant mwenyewe ndiye aliyependekeza kura ipigwe haraka. Nundu ndefu ilipita. Aliyepinga alikuwa mmoja, na jina lake likaandikwa.

Longino akaifunga hiyo ndefu. Pikapu ilinguruma hadi kuku wakaacha mayai, ekzosi ikatema moto, na kwenye kilima cha kwanza ikapitwa na mama mwenye kuni.

"Sikiliza sauti hiyo!" alisema Chenge, akishuka kusukuma.

Jumatano asubuhi, kijiji kizima kikiwa shamba la pamoja, kila mtu akitafuta kivuli chake, Longino alirudisha nundu fupi. Ndefu aliizungushia khanga, akaisukuma uvunguni.

"Baba Rugambwa, wakijua?" aliuliza mkewe, Kemilembe.

"Nitalima. Nikiiacha ile, nitalima pia. Afadhali nilime gari likiwa zima."

Alhamisi pikapu ilipanda vilima kama iliyoitwa chakula. Landrova ilikula vumbi, Chenge akachukua nafasi ya mwisho kwenye pantoni, na jioni akarudi na karatasi ya trekta. Trekta lenyewe lilifika baada ya wiki mbili bila matairi, lakini lilifika.

Siku hiyo mwenyekiti jirani alikuja na wajumbe wake kujifunza. Chenge aliwahutubia juu ya hekima ya umma, kisha akageuka.

"Fundi, fungua wageni waione nundu yetu."

Longino alihisi mpini wa jembe kiganjani. Akafungua boliti polepole, akainua mfuniko wa juu. Kemshafti ilikuwa imelala peupe, inang'aa mafuta, nundu zake fupi kama ilivyozaliwa.

"Mnauona ukubwa wake?" aliuliza Chenge, bila kutazama.

"Tunauona!" wageni waliitikia. Mmoja alipima kwa vidole, akavipanua kidogo njiani kurudi kwa wenzake.

Mzee Ndalahwa akainama. Alitazama muda mrefu. Akamtazama Longino, akatazama tena injini.

"Imekonda," alisema hatimaye. "Hata maksai akilima msimu, nundu hushuka. Ni yenyewe. Mpeni fundi nafasi afunge, vumbi lisiingie."

Longino akafunga, haraka kuliko alivyofungua.