Unga wa Ngano na Mvi za Hawe

Nikiwasimulia haya mtacheka, na mna haki ya kucheka, hata mimi ningecheka kama si hasira, maana fedheha niliyojipalilia pale Bofa sijaimaliza kuila mpaka leo.

Mimi hughani mashairi jukwaani. Shirika moja likaniita kwenye hafla ya haki za wazee, hoteli ya ufukweni, niwasemee vikongwe wetu wanaouawa kwa kuitwa wachawi, kumbe kosa lao ni mvi tu na kipande cha ardhi. Jambo hilo nalijua kwa mikono yangu. Kila Jumamosi kule Ganda nilikuwa nampaka hawe, bibi yangu mzaa baba, piko kichwani, nywele ziwe nyeusi ti, kwa sababu wana wa shemeji yake wanalimezea mate shamba lake na wameshaanza kunong'ona kwamba ameishi mno. Siku ya hafla nikaenda naye, nikamketisha mstari wa mbele na leso yake mpya.

Sasa shetani akaniambia (simsingizii, ni mimi mwenyewe) nijipake unga wa ngano kichwani nifanane na kikongwe. Mpishi wa hoteli akanipa kikombe kizima, nikakimaliza chote. Hema la turubai, saa saba mchana, na jua la Bofa mnalijua. Ubeti wa pili jasho likaanza, ubeti wa tatu unga umekuwa uji, unanitiririka machoni, sioni mbele wala nyuma, watu wanacheka, na maneno yote niliyoyakariri wiki mbili yamenitoka. Mwenye akili angeshuka. Mimi nilitaka wanyamaze tu. Nikanyoosha kidole nilikodhani hawe ameketi, nikasema, "Mnacheka? Bibi yangu yule pale anapaka piko ili wana wa shemeji yake wasimuue."

Wakanyamaza. Kisha wakasimama wakapiga makofi, simu zikainuliwa juu, nami mpumbavu nikainama kushukuru huku unga unadondoka.

Hawe alipanda jukwaani polepole, akanifuta uso kwa ncha ya leso mpaka nikamwona. Akaomba kipaza sauti.

"Mashairi ni yake," akawaambia. "Kichwa ni changu. Hakuniuliza."

Naye wakampigia makofi (walidhani ni sehemu ya onyesho). Mwenyeji wetu akanifuata akasema tumegusa mioyo, na je, tungeweza kurudia ule mwisho kwa ajili ya kamera? Nilimjibu neno nisiloweza kuliandika hapa.

Video ilifika Ganda kabla yetu. Tuliwakuta wana wa shemeji wamekaa barazani kwa hawe, wamejipikia na chai. Wakamwamkia shikamoo kamili, kisha mkubwa wao akasema kwa upole, "Tumesikia unatuogopa, mama. Mtu asiye na jambo huogopa nini?" Nilitaka kumrukia, hawe akanishika mkono. Asubuhi alifunga nguo zake akaenda kukaa kwa shangazi yangu, Mnarani. Nami nilikwenda kuripoti polisi, nikaambiwa kumwamkia mzee si kosa.

Msimu huu shamba wamelima wao, mahindi yamefika magotini. Nawachukia, nawachukia na wale waliopiga makofi, na msiniulize ninavyojichukia mwenyewe, niliyesimama kutetea haki ya mtu huku namvua nguo mbele ya kadamnasi. Nimeapa sipandi tena jukwaani na habari ya mtu kabla ya kumwomba ruhusa, na akikataa, shairi nalichana. Unga ndio siugusi kabisa, hata chapati napikiwa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mnarani na pakiti ya piko. Nikamkuta hawe uani, shangazi anampaka. Nikanyoosha mkono niichukue brashi nimalizie.

"Uliza kwanza," akasema hawe.

Nikapiga magoti, nikamwuliza.

"Basi leo nakataa."