Sanduku la Johari

Hadi leo nikinusa ulimbo ukiungua juu ya bati la moto, moyo wangu hurudi mbio Bagamoyo, na mwili huu mzito ukabaki kitini. Ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu, ulimbo na lehemu na mkaa wa mikoko, na juu yake rangi ya mafuta iliyotufanya sote tuumwe kichwa siku za joto. Baba yangu alikuwa fundi bati, Mbohora aliyetoka Surat, Uhindini, akiwa kijana, akapita Bombay alikojifunza kuandika majina ya Wazungu kwenye masanduku ya abiria wa meli. Nazungumzia miaka ile kabla Wadachi hawajaja kupandisha bendera yao, mji ukiwa bado wa Sayyid wa Unguja. Kiangazi kilipoingia, Wanyamwezi walishuka na pembe zao za ndovu, wakapiga kambi nje ya mji kungoja mizigo ya kupanda nayo bara, na hapo nyundo ya Baba haikulala. Alitengeneza taa, makopo na birika, lakini kilichotulisha hasa ni masanduku ya bati ya wasafiri, kwa kuwa mchwa hawana meno ya kula bati. Yeye alikata na kuunga. Kuandika jina juu ya kifuniko ilikuwa kazi yangu, kwa sababu mkono wake ulikwisha kakamaa kwa nyundo na wangu ulikuwa mwepesi. Mtoto wa kike kushika brashi lilikuwa jambo la kusengenywa, na majirani walitusengenya vizuri sana, kisha wakaja kuagiza makopo.

Mama yangu alifariki siku aliyonizaa. Aliyenilea ni Johari, mwanamke mrefu, mwenye sauti nzito na mkono usiokawia kupiga kofi wala kubembeleza. Waswahili husema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na kazi hiyo Johari aliifanya kwa meno. Alinitafunia nyama nilipokuwa sina magego, alinipaka mafuta ya nazi mpaka nikateleza mikononi mwake, na nilipougua surua alikaa kando ya kitanda changu akiitukana surua kwa Kinyamwezi, lugha aliyoikumbuka kwa matusi tu na wimbo mmoja. Maana Johari aliletwa pwani akiwa mtoto, amefungwa, na alikuwa mtumwa wa jirani yetu, Mzee Nasoro, mwenye mashamba ya minazi huko Zinga. Mzee Nasoro alimkodisha kwetu, na sehemu ya ujira wake ilikwenda kwa mzee. Mjini hakuitwa Johari peke yake. Aliitwa Johari wa Mzee Nasoro, na mimi nilidhani hilo ndilo jina la baba yake, kwani nami niliitwa Zainabu wa fundi bati. Mtoto hajui tofauti ya mambo kama hayo mpaka aambiwe.

Mwaka ninaousimulia, walikuja dukani kwetu Waingereza wawili waliokuwa wakielekea Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi. Mmoja aliitwa Bwana Ellis, mrefu, mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Mwenzake alikuwa Bwana Hopkins, mfupi, mpenda ubishi. Waliagiza masanduku mengi, na kila moja liandikwe kuwa ni mali ya nani. Waingereza wanapotaka kusema kitu ni cha fulani, huandika jina la fulani, wakatia juu yake kialama kidogo kilichopinda kama ukucha wa paka, kisha herufi s. Nyumbani tulikiita ukucha. Baba alilijua hilo toka Bombay, lakini majina ya mabwana hawa yalikwisha kuwa na s mwishoni, na hapo elimu yake ikafika ukingoni. Akafikiri kwamba s moja itatosha kwa kazi mbili, akaniamuru nitie ukucha kabla yake. Bwana Ellis alipoona sanduku la kwanza limeandikwa Elli's alicheka mpaka pua ikazidi kuwa nyekundu. Kwa Kiswahili chake cha Unguja akauliza, “Fundi, huyu Elli ni nani aliyekwisha kuniibia masanduku na safari haijaanza?”

Basi wakaanza kutufundisha, na wao wenyewe hawakupatana. Bwana Ellis alisema jina lake likae zima, ukucha ufuate, kisha s nyingine: Ellis's. Bwana Hopkins akasema hiyo ni milio ya nyoka, jina linaloishia na s latosha kutiwa ukucha mwishoni, basi: Hopkins'. Walibishana wamesimama katikati ya makopo yetu kama mawifi wawili juu ya mahari, kila mmoja akimtaja mwalimu wake. Baba alimaliza kesi kwa kusema kuwa mwenye jina ndiye mwenye neno. Kwa hiyo masanduku ya mmoja nikayaandika na s ya ziada na ya mwenzake bila. Johari alikuwa kizingitini akichambua mchele. Hakujua kusoma, lakini macho yake hayakuachia kitu.

“Hicho kidude kinasema nini?” aliniuliza walipoondoka. Nikamweleza kwa majivuno yote ya mtoto aliyejua jambo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kinasema kilicho mbele ni cha huyu. Johari akachambua mchele kidogo, kisha akauliza, “Na akishaandikwa, mtu mwingine hawezi kusema ni chake?” Nikamjibu kwamba akisema, atakuwa mwizi. Akasema, “Ahaa,” na kuendelea na mchele wake.

Hapa sina budi kueleza. Mzee Nasoro alimwahidi Johari uhuru zamani sana. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mcha Mungu, mkarimu wa kahawa, ila mzito wa kutenda kama lango lenye kutu. Kila mwaka alisema atamwacha huru Ramadhani, Ramadhani ikifika akasema Idi, Idi ikapita na mtu akiwa na shughuli nyingi. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Na kwa sheria ya wakati ule mtumwa hakuwa na mali, kila alichoshika kilikuwa cha bwana wake, hata kitana chake cha nywele. Mwaka huo Johari alisikia kuwa msafara wa Waingereza ungepita kwao, na kwamba walitafuta mwanamke wa kupika na kufua. Nafasi ya kwenda salama, bila kukamatwa njiani na kuuzwa tena, isingekuja mara mbili. Mimi sikuambiwa lolote la hayo. Nilichokiona ni kwamba alimwomba Baba vipande vya bati vilivyobaki, naye Baba, ambaye hakuweza kumnyima kitu mwanamke aliyemlelea mtoto wake, akamuungia sanduku dogo zuri lenye bawaba na kitasa.

Baba alipokwenda kambini kupeleka mizigo, Johari akaniwekea sanduku lile mbele yangu pamoja na brashi. Akataka jina lake. Nilipoandika Johari akatikisa kichwa. Alitaka na ukucha. Nikatia ukucha, nikasema kuna wanaoishia hapo. “Yule mwenye pua nyekundu ulimpa na lile joka,” akasema. “Nami nipe. Nimenyimwa mengi, usinibanie na rangi.” Nikamwandikia s nene kuliko zote nilizowahi kuandika, na yeye akaifuata kwa kidole hewani, bila kuigusa, mpaka ikakauka.

Siku ya Ijumaa, baada ya swala, wazee walikuwa wamejaa barazani kwa Mzee Nasoro wakinywa kahawa na halua. Johari alijitwika sanduku lake, akavuka njia, akaliweka chini katikati ya wazee wale, jina likiwaelekea. Kisha akaketi mchangani, akasema, “Shikamoo, bwana.” Mimi nilimfuata kwa sababu nilimfuata kila mahali. Mzee Nasoro akaitikia marahaba, akaliangalia sanduku, akauliza ni la nani na limeandikwa nini. Hapakuwa na aliyejua herufi zile ila mimi. Akaniita nisome. Nikasoma kwa sauti kubwa, kama anayesoma mbele ya mwalimu, kwamba sanduku hili ni la Johari.

Muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe. Ndipo nilipoanza kuogopa, ingawa sikujua ninaogopa nini.

“La Johari,” Mzee Nasoro akasema polepole. “Na Johari ni wa nani?”

“Ni wako, bwana,” Johari akajibu.

“Basi sanduku ni langu.”

Pembeni alikuwepo mwalimu wa chuo, mzee mwembamba aliyependa kuona wengine wakitoka jasho. Akanywa kahawa yake, akasema, “Haki yako, Nasoro. Sheria iko wazi. Mwambie mtumwa akuingizie ndani.” Wengine wote wakatazama vikombe vyao. Kila mtu alijua kuwa mwanamke yule amemtumikia mzee tangu utoto, na sasa, mate ya swala ya Ijumaa hayajakauka midomoni, bwana angemnyang'anya kisanduku cha bati mbele ya watu. Na akikiacha, amekiri kuwa Johari ana mali yake, na mwenye mali yake si mtumwa wa mtu. Mzee Nasoro aliliona shimo hilo pande zote mbili. Akainama mwenyewe, akafungua kifuniko ili angalau aone anagombania nini. Ndani hamkuwa na kitu, hata uzi.

“Mbona tupu?” akauliza.

“Nangoja kujua ni la nani, bwana,” alisema Johari, “ndipo nitie vyangu.”

Mzee Nasoro alimwangalia. Kisha mabega yake yakaanza kucheka kabla ya uso, akacheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa kilemba. Mwalimu akasema tu, “Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo.” Hapo mzee akasimama, akawaambia waliokuwepo washuhudie, akamwacha Johari huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Johari hakupiga kigelegele. Alilifunga sanduku, akajitwika, akarudi nyumbani kupika, na wali siku hiyo uliungua. Asubuhi yake alipita mbele ya baraza ile ile na hakusema shikamoo, ambayo enzi zile ilikuwa salamu ya mtumwa kwa bwana. Alisema, “Sabalkheri, Mzee Nasoro,” kama muungwana kwa muungwana. Mzee akamwitikia, “Akheri, binti.” Nami nampenda kwa jibu hilo mpaka leo.

Nilifurahi mpaka nilipomwona akitia vyake. Leso zake, mwiko, mchi mdogo wa kutwangia pilipili, na kanzu yangu ya uchanga iliyokuwa imenibana zamani. Nikamuuliza anakwenda wapi, akaniambia. Nililia kilio cha kuaibisha. Nilimshika miguu, nikamwambia yeye ni yaya yangu, ni wangu, hawezi kwenda. Baba alisimama mlangoni akageuza uso. Johari akachuchumaa, akanifuta kamasi kwa upindo wa leso yake. Akasema mkataa kwao ni mtumwa, na kwamba kwao hakumbuki hata mlango wake ulielekea wapi, lakini lazima akautazame. Nikamwambia sasa yuko huru, basi anaweza kukaa nasi. “Nisipokwenda, mwanangu,” akasema, “sitajua kama nimekaa kwa kupenda.” Msafara uliondoka asubuhi kwa ngoma na baragumu, na yeye alikuwa nyuma na wapishi, kichwani sanduku, shingo imenyooka. Hakugeuka kunitazama. Nilimkasirikia kwa hilo miaka mingi, mpaka nami nilipomuoza binti yangu Mombasa na kuelewa kwamba shingo ikigeuka, miguu hufuata.

Hakurudi. Kiangazi kilichofuata Wanyamwezi waliokuja dukani walimwambia Baba kuwa kuna mama Unyanyembe auzaye chumvi sokoni, ana sanduku la bati lenye maandishi ya Kizungu, na haruhusu mtu kulikalia, hata mtemi. Baba alicheka, kisha akaenda uani na kukaa huko kitambo.

Sasa mimi ni bibi kizee. Wajukuu wangu wanasoma Kiingereza shuleni Dar es Salaam, na wanaandika majina yao kwenye kila kitu, vitabu, vikombe, hata kuku. Juzi mmoja alikuja akinung'unika kuhusu majina yanayoishia na s, kwamba mwalimu huyu anataka s ya pili na yule hataki. Nikamwambia wote wawili wako sawa, wagombane wenyewe. Asubuhi watoto hawa huniamkia shikamoo, nami naitikia marahaba, na hakuna anayekumbuka neno hilo lilikuwa zito kiasi gani vinywani mwa wengine. Afadhali iwe hivyo. Nyumba hii imejaa vitu vilivyoandikwa kuwa ni vyangu, na sijui nitavifanyia nini. Mtu niliyempenda kuliko vyote hivyo nilimwandika kwa mkono wangu kuwa ni wake mwenyewe, na sijapata kuandika vizuri kama siku ile.