Walichua Shingo, Hakuna Aliyetazama Koo

Jua linachungulia nyuma ya vilima na Kibirizi, ufukwe wa wavuvi mjini Kigoma, tayari ni kelele. Boti zimerudi na dagaa. Wanawake wanaingia majini hadi kiunoni, wanapokea beseni lililofurika, wanajitwika kichwani juu ya ngata na kurudi nchi kavu huku maji ya samaki yakiwachuruzika usoni.

Honorata yuko pembeni, kwenye vichanja vya kuanikia, anageuza dagaa kwa mikono.

"Bosi wa kivulini!" Melania, mwenzake wa zamani, anamtania akipita na mzigo.

"Beba, mama. Bosi anakuangalia."

Mwaka jana Honorata naye alikuwa kwenye mstari ule wa wabebaji. Mama huyu wa watoto wawili, mkazi wa Gungu, alianza kubeba dagaa alipomaliza darasa la saba. Siku nzuri alikuwa akirudi nyumbani na shilingi elfu kumi na mbili. Kwa kugeuza dagaa anapata nusu yake, na mvua ikinyesha hapati kitu.

"Shingo ndiyo jembe langu," anasema. "Na nusura iniue. Wote walisema ni mzigo. Kumbe ni koo."

Koo lilianza kumuuma kama linavyomuuma mtu yeyote. Akanunua vidonge vya rangi mbili dukani, akameza vichache, maumivu yakapungua, akarudi majini. Haukupita muda, homa ikamjia na kutetemeka. Upande wa kushoto wa shingo ukavimba, chini ya taya.

Kibirizi, shingo ya mbeba mizigo ikiuma, hakuna anayejiuliza mara mbili. Ni mzigo. Mgonjwa anapelekwa kwa Bi Mwanakombo, mama wa Ujiji anayejulikana ufukweni kote kwa mikono yake. Anapasha mawese, anachua, mtu anarudi kazini. Wamepata nafuu wengi, ndiyo maana hakuna aliyeshituka.

"Alipiga kelele nilipomgusa," anakumbuka Bi Mwanakombo. "Nikamwambia tulia mwanangu, mshipa umepanda huu. Nikazidi kuchua."

Bi Mwanakombo hakusomea udaktari. Zahanati aliyokwenda Honorata kesho yake haina kisingizio hicho. Mhudumu aliitazama kanga yake iliyolowa, akamuuliza anafanya kazi gani. Aliposema anabeba dagaa, maswali yakaishia hapo. Punguza mizigo, mama. Akapewa dawa ya maumivu. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, akapewa na dawa ya malaria vilevile.

"Nilimwambia koo ndilo lililotangulia. Akasema koo si limeshapona, unalitajia nini? Hata fungua mdomo hakuniambia. Kufungua mdomo ni bure!"

Ni bure kweli. Hakukuhitaji umeme wala mashine ya kutoka ng'ambo. Kulihitaji mtu mmoja aamini kwamba mbeba dagaa naye ana koo, si shingo peke yake.

Honorata akarudi kubeba akiwa na homa. Msomaji asiharakishe kumlaumu. Kila boti ina wanawake wake, na ukikosekana mara mbili, nafasi yako anaingia mwingine. Haijalishi ulikuwa harusini au kitandani. Basi alibeba, mpaka asubuhi moja beseni likamtoka kichwani, naye akaanguka majini akishindwa kuvuta pumzi. Wenzake walimpakia kwenye bodaboda, wakamshika katikati hadi hospitali.

Huko alikutana na Daktari Leodgar, ambaye alisikia neno koo na hakuliacha lipite. Akamwangalia mdomoni, kisha akampima shingo kwa ultrasaundi. Mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani ulikuwa umezibwa na damu iliyoganda, na ndani ya damu hiyo mlikuwa na vijidudu vilivyotoka kooni. Vipande vyake vilikuwa vimeshafika mapafuni na kutunga usaha.

"Ni ugonjwa adimu. Makoo mengi hupona na mtu akasahau," anasema daktari. "Lakini koo likiuma, kisha homa ikaja na kutetemeka, na shingo ikavimba upande mmoja, mtu huyo aje hospitali siku hiyo hiyo. Na shingo hiyo isichuliwe."

Hawezi kuapa kwamba kuchua ndiko kulikosukuma vile vipande. Anachoapa ni kwamba kuchelewa nusura kumuue.

Honorata alilazwa wiki nyingi, dawa zikipita kwenye mshipa wa mkono. Alipotoka, nafasi yake kwenye boti ilikuwa na mtu. Na daktari amemkataza kubeba kichwani mpaka atakapomruhusu mwenyewe.

Asubuhi hii Diana, aliyekuwa jirani yake kwenye mstari, anakuja ameinamisha kichwa upande mmoja. Anaketi mbele ya Bi Mwanakombo na chupa yake ya mawese.

"Koo liliuma?" anauliza mama huyo.

"Wiki iliyopita. Limepoa, bibi. Nichue haraka niwahi boti."

"Sikuchui. Fungua mdomo."

Honorata anaacha dagaa wake, anakuja, anamgusa Diana paji la uso. "Unawaka moto wewe! Panda bodaboda, nenda hospitali."

"Na nafasi yangu? Jana sikuja."

Msimamizi wa boti, Bonaventura, amesikia. "Sheria mnaijua. Boti haimsubiri mtu."

"Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoniangusha mimi hapo majini, ukiwa umesimama hapo hapo!" Honorata anapaza sauti. "Diana yupo kazini leo."

"Yupo vipi naye anaondoka?"

Honorata analifuata beseni la Diana, limejaa, anashika ukingo mmoja. "Nani anashika huku?"

Wanawake wanatazamana. Kisha Melania anatua mzigo wake. "Kaza, bosi."

Wanalibeba katikati yao, wakienda kiubavu kama kaa.

"Hapa watu wanabeba kichwani," Bonaventura analalamika.

"Dagaa wanafika au hawafiki?"

Bonaventura anageuka kutazama ziwa. Diana anapanda bodaboda.

Honorata anasema akiruhusiwa atarudi kubeba. Ngata yake bado iko msumarini nyumbani. Lakini kabla ya hapo anataka jambo moja, na anazunguka boti kwa boti kulisema: mwanamke yeyote akiitwa kuziba nafasi ya mgonjwa, akatae.

"Wakatae wote. Wenye boti waingie majini wabebe wenyewe, tuone shingo zao."

Anajifuta mikono kwenye kanga, anamwita Melania, na wanaliendea beseni la pili la Diana.