Siri Yenye Cachet

Jumatatu nilipeleka karatasi kwenye ofisi moja ya malori, mtaa wa Makomeno. Nikakuta shangwe: fundi wa kompyuta amemaliza kuweka mafaili yote kwenye seva, na mama sekretere amefungua karatasi za mgodi wa Kinsevere kwenye simu yake, anapiga vigelegele.

"Kila muntu iko na mot de passe yake," fundi akasema, yaani neno la siri la kufungulia mafaili. "Hata bibi yako asiijue."

Patron, mkubwa wa ofisi, akapiga makofi. "Muzuri! Sasa bote muandike zenu mu registre, mutie sinyature, nami nitapiga cachet." Akainua muhuri wake.

"Patron, ile ni siri!" fundi akamaka.

"Njo maana napiga cachet!"

Wakapanga mstari, wakicheka. Kisha kalamu ikanifikia mimi: registre yenyewe ilikuwa daftari la wageni, ambalo kila anayeingia husaini. Nikasaini chini ya siri zao zote.

Mwizi akija hapo hatavunja kitu. Atasalimia, atapewa kalamu.