Nelima Ndani ya Bafu la Ploti

Nelima alifanya kazi miaka sita kwenye spa ya meli ya watalii. Aliwalaza wageni kwenye vitanda vya mawe vilivyopashwa moto, na baada ya dakika ishirini akawaamsha kwa sauti ya chini. Mabwawa ya maji moto aliyasugua kila siku, lakini wafanyakazi hawakuruhusiwa kuingia.

Mkataba ulipoisha alirudi mtaani kwetu Kawangware 56, akapanga chumba kwenye ploti yetu. Tuko vyumba kumi na vinne, bafu ni moja. Ukikawia humo ndani, lazima mlango wa bati upigwe. Mimi Nereah ndiye hupiga zaidi ya wote: "We Audrey, unaoga ama umehamia huko?" Sioni aibu, ndivyo tunavyoishi.

Ila Nelima hatujawahi kumgongea. Tuliambiana amezoea mambo makubwa, tusimharakishe. Mwaka umepita na bado tunamwita mgeni wetu. Akitokea na karai lake la maji moto, hata jirani Shiundu aliyechelewa kazini humpisha.

Jumamosi iliyopita nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, na wenzangu watano nyuma yangu. Nelima alikuwa ametimiza nusu saa ndani, na maji yalikuwa yameacha kumwagika kitambo. Kisha nikasikia ile sauti yake ya chini: "Kuna mtu hapo nje?"

Nikawageukia wenzangu, nikaweka kidole mdomoni. Tukanyamaza sote, kwa heshima.

"Hata mmoja wa kunigongea?" akauliza.